Kwa nini kura ya urais kutoka Endebess hadi Bungoma haina mwenyewe

Matokeo ya uchaguzi wa urais wa Agosti 9, 2022 yalipotangazwa, gumzo kubwa nchini Kenya lilikuwa Mlima Kenya, ambako wakazi walikataa kumfuata Rais Uhuru Kenyatta aliyekuwa akistaafu na kumnyima kura mgombea aliyemuunga mkono. Mabadiliko mengine yenye uzito usio mdogo yalitokea magharibi mwa nchi, katika kaunti ya Bungoma na jirani yake Trans Nzoia, lakini hayakuzungumzwa sana.

Katika Bungoma, William Ruto alipata zaidi ya kura 255,000, yaani takriban asilimia 63. Raila Odinga alipata zaidi ya 145,000, takriban asilimia 36. Miaka mitano kabla ya hapo, Raila ndiye aliyeongoza katika kaunti hiyo hiyo kwa wingi mkubwa, huku Ruto akiwa mgombea mwenza wa Rais Kenyatta.

Uzito wa mabadiliko hayo huonekana yakilinganishwa na hesabu ya taifa. Ruto alimshinda Raila kote nchini kwa kura 233,211. Pengo la Bungoma peke yake lilikuwa kama kura 110,000, karibu nusu ya pengo zima la kitaifa. Isitoshe, Katiba humtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, na Ruto alivuka kiwango hicho kwa kura zisizofika 70,000. Lau Bungoma ingalipiga kura jinsi ilivyopiga mwaka wa 2017, Wakenya wangalirudi debeni kwa duru ya pili.

Katika Trans Nzoia hadithi ilikuwa tata zaidi. Ruto aliongoza huko pia, lakini kwa pengo dogo, na wapiga kura hao hao walimchagua gavana kutoka muungano uliokuwa ukimpinga. Ndiyo maana swali ambalo wanasiasa wanajiuliza kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti 10, 2027 si nani anaishika ngome hii, bali ikiwa ni ngome ya mtu yeyote.

Mahali penye watu wa kila namna

Ili kuielewa kura ya Trans Nzoia, ni vyema kuanza Endebess, eneobunge lililo kaskazini-magharibi mwa mji wa Kitale, kati ya miteremko ya Mlima Elgon na mpaka wa Uganda. Eneobunge hilo lilimegwa kutoka Kwanza kabla ya uchaguzi wa 2013 na lina wadi tatu: Endebess, Chepchoina na Matumbei. Hapo ndipo lilipo lango la Chorlim la kuingilia Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Elgon, na hapo ndipo ipitapo barabara ya kuelekea kituo cha mpakani cha Suam.

Enzi za ukoloni, ardhi hii yenye rutuba ilikuwa sehemu ya maeneo yaliyotengewa walowezi wa Kizungu. Wasabaot na jamii nyingine zilizokuwa zikilisha mifugo humo ziliondolewa, na vibarua wakaletwa kutoka kwingineko kulima mashamba makubwa ya mahindi. Baada ya uhuru, mashamba hayo yaligawanywa kwa njia mbalimbali. Mengine yaliingia mikononi mwa Shirika la Maendeleo ya Kilimo (ADC), mengine yakanunuliwa na vyama vya ushirika na kampuni za kununua ardhi, na mengine yakawa miradi ya kuwapa makao wasio na ardhi.

Matokeo yake ni kwamba Wasabaot, Wabukusu, Waturkana, Wapokot, Wakikuyu, Wakisii na wengineo huishi wakipakana. Bungoma nayo ina Wabukusu wengi, lakini ina Wasabaot wa Mlima Elgon, Watachoni na Wateso pia. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 990,341 katika Trans Nzoia na 1,670,570 katika Bungoma.

Mahali kama hapo, swali la nani awe rais haliwezi kutenganishwa na swali la nani ana haki ya kukaa wapi. Hati ya kumiliki shamba, mipaka ya mradi wa makazi na hatima ya ardhi ya ADC ni mambo yaliyo mikononi mwa serikali ya kitaifa. Anayepiga kura ya urais huwa anamchagua pia mtu ambaye serikali yake itaamua kama yeye ni mwenye shamba au ni mvamizi.

Kutoka KADU hadi NARC

Kura ya eneo hili imekuwa ikihama tangu zamani, ingawa mara nyingi imehama ikimfuata kiongozi mmoja. Wakati wa uhuru, Masinde Muliro alikuwa miongoni mwa vinara wa KADU, chama kilichotetea serikali za majimbo na maslahi ya jamii ndogo dhidi ya KANU. KADU ilivunjwa mwaka wa 1964, na kwa miaka mingi wapiga kura hawakuwa na rais wa kuchagua, kwa kuwa mgombea alikuwa mmoja tu.

Muliro alirudi kwenye upinzani mwaka wa 1991 akiwa mmoja wa waasisi wa vuguvugu la FORD. Alifariki Agosti 1992, miezi michache kabla ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya sitini. Nafasi yake katika siasa za eneo hilo ilichukuliwa na Michael Kijana Wamalwa, aliyechaguliwa mbunge wa Saboti kwa tiketi ya FORD-Kenya mwaka huo.

Hata hivyo, uchaguzi wa 1992 ulifanyika katika kivuli cha damu. Kuanzia mwishoni mwa 1991, mashambulizi ya kikabila yaliwafurusha maelfu ya watu kutoka mashamba ya Trans Nzoia, Endebess ikiwemo, na kutoka sehemu za Mlima Elgon. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka wa 1998, ilichunguza ghasia hizo pamoja na nyingine zilizotokea nchini. Kwa waliofurushwa, kura ya urais ilipotea siku walipokimbia, kwa maana mtu hupiga kura mahali alipojiandikisha.

Mwaka wa 1997 Wamalwa aliwania urais mwenyewe. Alipata takriban asilimia 8 ya kura za kitaifa, nyingi kati yazo zikitoka Magharibi na Trans Nzoia. Kampeni hiyo iliacha somo ambalo viongozi wa eneo hilo hawajalisahau: kura za nyumbani, hata zikikusanywa zote, hazimfikishi mtu Ikulu, lakini zinatosha kumpa kiti kwenye meza ya mapatano.

Mapatano hayo yalifanikiwa mwaka wa 2002. Wamalwa aliungana na Mwai Kibaki katika muungano wa NARC, eneo likampigia Kibaki kura kwa wingi, na Wamalwa akawa Makamu wa Rais. Furaha haikudumu. Wamalwa alifariki London Agosti 23, 2003, kabla ya kutimiza mwaka mmoja ofisini.

Enzi ya Raila

Kifo cha Wamalwa kiliwaacha wapiga kura bila mtu mmoja wa kuwaelekeza. Katika uchaguzi wa Desemba 2007, FORD-Kenya chini ya Musikari Kombo ilibaki na Kibaki, ilhali chama cha ODM cha Raila kilikuwa na Musalia Mudavadi kama mgombea mwenza. Matokeo rasmi katika mkoa wa Magharibi yalimpa Raila karibu thuluthi mbili ya kura na Kibaki karibu thuluthi moja. Katika Trans Nzoia, Noah Wekesa wa Kwanza na Eugene Wamalwa wa Saboti, nduguye marehemu Kijana Wamalwa, walichaguliwa upande wa Kibaki, na Joshua Kutuny wa Cherangany akachaguliwa upande wa Raila.

Baada ya matokeo ya kitaifa kupingwa, ghasia zilizuka. Katika Mlima Elgon moto ulikuwa umekwisha kuwaka tangu 2006, wakati kundi la wapiganaji la SLDF lilipochukua silaha kwa sababu ya mgawanyo wa ardhi katika mradi wa makazi wa Chebyuk. Mamia ya watu waliuawa kabla na baada ya jeshi kuingia mlimani Machi 2008 katika operesheni iliyoitwa Okoa Maisha. Familia zilizokimbia mlima ziliishi kambini, Endebess ikiwa mojawapo ya mahali palipowapokea.

Mwaka wa 2013, Moses Wetang'ula aliiingiza FORD-Kenya katika muungano wa CORD uliomuunga mkono Raila. Mudavadi aliwania urais kwa muungano wa Amani, pamoja na chama cha New FORD-Kenya cha Eugene Wamalwa, na kuambulia takriban asilimia 4 ya kura za kitaifa. Raila aliongoza Bungoma na Trans Nzoia, akaongoza tena mwaka wa 2017 alipoungwa mkono na Wetang'ula na Mudavadi kwa pamoja katika NASA. Wengi wakahitimisha kwamba eneo hili lilikuwa mali yake.

Hitimisho hilo lilisahau jambo moja. Raila hakuwa mwana wa eneo hilo, na kura nyingi alizopata humo zilimfikia kwa mkono wa washirika wake. Wetang'ula na Mudavadi walipohamia kambi ya Ruto mwanzoni mwa 2022 na kuunda muungano wa Kenya Kwanza, daraja hilo lilivunjika. Mapatano yaliyotangazwa wakati huo yaliwaahidi viongozi hao wawili asilimia 30 ya nafasi serikalini iwapo wangeleta asilimia 70 ya kura za Magharibi.

Lengo la asilimia 70 halikufikiwa. Kakamega, Vihiga na Busia zilibaki na Raila, na Bungoma, ngome ya Wetang'ula, ndiyo iliyohama. Ahadi ya vyeo ilitimizwa kwa sehemu yake kubwa: Wetang'ula akawa Spika wa Bunge la Kitaifa Septemba 2022, na Mudavadi akateuliwa Mkuu wa Mawaziri.

Karatasi sita, maamuzi sita

Sababu ya pili ya mabadiliko ni Katiba ya 2010. Chini ya katiba ya zamani, mgombea urais alitakiwa kupata asilimia 25 ya kura katika mikoa isiyopungua mitano kati ya minane. Trans Nzoia ilihesabiwa ndani ya Bonde la Ufa, mkoa mkubwa uliotawaliwa na kura za KANU katika miaka ya tisini, na sauti ya wapinzani wa Kitale ilimezwa humo. Sasa mgombea huhitaji asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Trans Nzoia imekuwa kaunti inayojitegemea, yenye wapiga kura karibu 400,000 waliosajiliwa mwaka wa 2022, na kila mgombea analazimika kufika huko kuomba.

Aidha, hadi 2007 mpiga kura alitia alama karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Tangu 2013 hutia alama karatasi sita. Hilo limempa nafasi ya kugawa imani yake. Katika Bungoma mwaka wa 2013, Raila aliongoza kura ya urais, lakini ugavana ulimwendea Kenneth Lusaka wa New FORD-Kenya, chama kilichokuwa upande wa Mudavadi.

Mwaka wa 2022 Trans Nzoia iligawa kura zake kwa namna ya kushangaza. Ugavana ulichukuliwa na George Natembeya wa DAP-K, chama kilichomuunga mkono Raila. Useneta ulimwendea Allan Chesang wa UDA, chama cha Ruto. Viti vitano vya ubunge viligawanywa kwa vyama vinne: UDA ilipata Endebess kupitia Robert Pukose, aliyekuwa amechaguliwa mwaka wa 2017 kwa tiketi ya Jubilee, FORD-Kenya ikapata Kwanza, ODM ikapata Saboti, na DAP-K ikatwaa Kiminini na Cherangany.

Kaunti inayoweza kufanya hivyo kwa siku moja haifuati filimbi ya chama. Inapima kila kiti kwa mizani yake.

Mahindi, mbolea na ahadi

Mizani moja iliyo kubwa kuliko zote ni mahindi. Trans Nzoia hutajwa kuwa ghala la chakula la Kenya, na Kitale ndiko makao makuu ya kampuni ya mbegu ya Kenya Seed. Kwa familia nyingi za Endebess, karo ya shule, matibabu na hata mazishi hutegemea bei ya gunia la kilo 90.

Hapa ndipo mkulima na mlaji wanapotofautiana. Serikali ikishusha bei ya unga, mkazi wa Nairobi hushangilia, na mkulima wa Trans Nzoia huuliza ni mahindi ya nani yaliyoshushwa bei. Mwaka wa 2018 wakulima wa eneo hilo walikasirika pale malipo yao katika Bodi ya Nafaka na Mazao (NCPB) yalipocheleweshwa huku wafanyabiashara wakilipwa mamilioni, na bei iliyokuwa shilingi 3,200 kwa gunia ikapunguzwa. Wengi walimlaumu rais ambaye Ruto alikuwa naibu wake. Lakini kufikia 2022 Ruto alikuwa amejitenga na Kenyatta, na lawama zikamwangukia aliyekuwa ameungwa mkono na Ikulu, yaani Raila.

Tofauti hiyo ilionekana wazi wakati wa kampeni. Julai 2022 serikali ya Kenyatta iliweka ruzuku iliyoshusha pakiti ya kilo mbili ya unga hadi shilingi 100. Ruto alisema fedha hizo zingefaa kumsaidia mkulima kuzalisha. Mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulikuwa umepita shilingi 6,000 baada ya vita vya Ukraine kuvuruga soko la dunia. Katika nchi ya wakulima, hoja hiyo ilikuwa rahisi kueleweka.

Baada ya kuapishwa Septemba 2022, Ruto aliondoa ruzuku ya unga na kushusha bei ya mbolea hadi shilingi 3,500, kisha 2,500 mwaka wa 2023. Wakulima wengi waliinufaikia. Lakini mwaka wa 2024 iligunduliwa kwamba mbolea bandia ilikuwa imeuzwa chini ya mpango huo huo wa serikali, na imani ikatikisika. Bungoma nako, mwaka wa 2025 kampuni ya sukari ya Nzoia ilikodishwa kwa mwekezaji wa kibinafsi, jambo lililozua mabishano kuhusu malimbikizo ya mishahara na hatima ya ardhi ya kiwanda. Ahadi ni deni, na wadai wa eneo hili huweka kumbukumbu.

Si Kenya pekee

Hali ya jamii inayohesabiwa kuwa ya chama fulani kisha ikageuka si ya Trans Nzoia na Bungoma peke yake. Nchini Marekani, kaunti ya Starr iliyo mpakani mwa Texas na Mexico, ambayo karibu wakazi wake wote wana asili ya Amerika ya Kilatini, ilikuwa imewapigia kura wagombea urais wa chama cha Democratic kwa zaidi ya karne moja. Mwaka wa 2016 Hillary Clinton alimshinda Donald Trump huko kwa takriban pointi 60. Mwaka wa 2020 pengo la chama hicho lilishuka hadi takriban pointi tano, na mwaka wa 2024 Trump akaibuka mshindi.

Kuna tofauti kubwa kati ya kaunti hizo. Starr ilihama bila kigogo wa kuiongoza. Bungoma ilihama pamoja na Wetang'ula. Lakini somo linafanana: chama kinachodhani kwamba jina la jamii linatosha kueleza kura yake huacha kuwauliza watu wa jamii hiyo wanataka nini, nao hatimaye hujibu bila kuulizwa.

Debe la kwanza bila Raila

Uchaguzi wa 2027 utakuwa wa kwanza tangu 2002 ambao jina la Raila Odinga halitakuwa kwenye karatasi ya kura ya urais. Raila alifariki nchini India Oktoba 15, 2025. Miezi saba kabla ya hapo, Machi 2025, ODM na UDA zilikuwa zimetia sahihi mkataba wa kushirikiana serikalini. Kwa hivyo mpaka uliowagawa wapiga kura wa Trans Nzoia mwaka wa 2022, wa Ruto upande huu na Raila upande ule, umefutika.

Vigogo kadhaa wanaitaka nafasi hiyo. Wetang'ula na Mudavadi wanahoji kwamba eneo lifaidike kwa kukaa ndani ya serikali. Chama cha Mudavadi, ANC, kilivunjwa na kuungana na UDA mwaka wa 2025, na FORD-Kenya ikabaki chama huru. Upande wa pili, Gavana Natembeya amejijengea jina kwa wito wa «Tawe», neno la Kibukusu lenye maana ya «hapana», akidai kuwa viongozi wakongwe wamejinufaisha wao na kuliacha eneo nyuma.

Kwa Endebess, suala haliishii kwenye nani atashinda. Historia inaonyesha kuwa kura ya urais ilipogeuzwa kuwa vita vya jamii moja dhidi ya nyingine, mwaka wa 1992 na tena 2007, waliolipa gharama si wagombea bali majirani walioshiriki kisima na soko moja. Uchaguzi wa 2022 ulikuwa tofauti. Viti viligawanywa kwa vyama vinne, wengi walikosa walichotaka kwenye karatasi moja na kukipata kwenye nyingine, na matokeo ya urais yakapelekwa Mahakama ya Juu badala ya kutafutiwa jibu kwa mishale.

Huenda hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote. Kura isiyo na mwenyewe ni usumbufu kwa mwanasiasa, kwa kuwa hawezi kuiuza kwa jumla mezani Nairobi. Kwa mkulima wa Endebess ni ngao: kila anayeitaka sharti aje kuiomba shambani, aeleze bei ya mahindi na hati ya ardhi, na arudi baada ya miaka mitano kutoa hesabu.